Biti 32 si namba 32

Mwezi huu mwanafunzi huyu ni wa tatu. Shikamoo mwalimu, marahaba, laptopu imeshafunguliwa: "Nimebana ripoti ya chaneli mara 64." Ripoti hiyo ni maelezo ambayo simu huurudishia mnara kuhusu jinsi mawimbi ya kila antena yalivyoifikia. Namuuliza zimebaki biti ngapi. Anatazama kioo, kisha ananitazama mimi. "Zimebaki namba 32."

Namba, jamani. Kila namba ndani ya programu yake imekalia biti 32, kwa hiyo simu inatakiwa kurusha biti 1,024 kwenda mnarani. Simu ya 4G kwenye mnara wa antena 4 inataja mwelekeo inaoutaka kwa biti 4, na ubora wa chaneli kwa biti 4 nyingine. Najua, antena zake ni 32, na namba zile zinaweza kupunguzwa biti. Basi azipunguze kwanza, ndipo tuongee.

Hesabu hiyo ya 64 wengi wanaiokota kwenye CsiNet, kazi ya Wen, Shih na Jin ya mwaka 2018. Chaneli inageuzwa isomeke kwa pembe na ucheleweshaji, sehemu iliyo karibu tupu inatupwa, zinabaki namba 2,048, kisha mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, unazikunja hadi 32. Kazi nzuri, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wanaoisoma wakadhani ripoti ya chaneli ni picha ya harusi, kwamba mnara lazima uione kama ilivyopigwa, sura kwa sura.

Mnara hauna haja na picha. Unataka kujua uelekeze wapi. Chukua chaneli, izungushe fezi ya antena zote (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) kwa pamoja, kiasi kilekile: boriti, yaani mawimbi yaliyoelekezwa upande mmoja, ni ileile na simu inapokea nguvu ileile. Hakuna kilichoharibika. Lakini kipimo cha kosa la mraba, kinacholinganisha namba kwa namba chaneli halisi na iliyorejeshwa, na ambacho ndicho wanachokipamba kwenye grafu, kitapiga yowe. Yaani unatumia biti za thamani kulinda kitu ambacho boriti haikijui! Waliotunga kodibuku za zamani, zile orodha za mielekeo ambazo simu huchagua mmoja na kutaja namba yake tu, walilielewa hili. Love na Heath mwaka 2003 walikuwa wakipanga mistari, ambayo haibadiliki fezi ya pamoja ikizungushwa, wala si vekta, ambazo hubadilika. Hata Wi-Fi ya 802.11ac inarudisha pembe, na fezi ya pamoja inaachwa nje.

Tukiwa na Wi-Fi hiyohiyo, tazama kitu kimoja. Kwa mteja mmoja, pembe zake za aina mbili hupewa biti 4 na 2, au 6 na 4. Kwa wateja wengi kwa mpigo, 7 na 5, au 9 na 7. Kwa nini waongeze? Mwagilia mche mmoja kwa mpira: ukikosea shabaha kidogo, mche bado unalowa. Sasa ambiwa ulowe huo na wa jirani ubaki mkavu. Kosa dogo lilelile limekuwa dhambi.

Jindal alilipigia hesabu mwaka 2006. Mnara wa antena M ukihudumia simu za antena moja moja kwa wakati mmoja, kila simu inahitaji takriban biti (M−1)/3 kwa kila desibeli ya mawimbi juu ya kelele. Antena 4, desibeli 20: biti 20. Ukiongeza nguvu bila kuongeza biti, kasi inagoma kupanda, kwa sababu unachokikuza ni uvujaji wako mwenyewe, mawimbi ya simu moja yanayoangukia nyingine. Kwa hiyo "biti chache ndiyo bora" ni sentensi ambayo haijakamilika. Nakiri fomula hii inachukulia chaneli zimetawanyika kila upande, na antena iliyo juu ya mnara mrefu haioni hivyo. Nikifika hapo darasani sauti hunishuka.



Halafu kuna uzee wa ripoti. Daladala ikienda kilomita 60 kwa saa, kwenye 1,800 MHz, milisekunde 10 zinatosha kuivusha urefu mzima wa wimbi, kama sentimita 17. Ripoti ikichelewa hivyo, usahihi wote ulioununua kwa biti unaeleza mahali simu ilipokuwa.

Wala sijitoi. Mimi mwenyewe nililitetea lile kosa la mraba miaka miwili mizima, kwa sababu ni rahisi kufundishia mtandao na grafu inashuka vizuri. Na hofu yangu kubwa hadi leo haiko kwenye kubana: simu ya kampuni moja inakunja, mnara wa kampuni nyingine unakunjua, na mitandao yao ya neva haijawahi kuonana.

Yule kijana nilimwambia azungushe fezi ya kila chaneli aliyoirejesha kwa digrii 180, asiguse kingine chochote. Usiku akatuma ujumbe: "Mwalimu, kosa limeruka hadi desibeli 6 juu ya sifuri."

Na kasi ya mteja?

"Ileile."