Kinda Aliyeguswa Hatupwi na Mama Yake

Nimeulizwa tena kama ni kweli ndege humtupa kinda aliyeguswa na mtu, na safari hii muulizaji ni Mkenya mwenzangu anayeishi hapa Canberra, Australia. Kinda ameanguka bustanini, watoto wakakatazwa kumshika, eti mama yake akinusa mkono wa mtu atamkataa. Akaachwa chini mpaka paka akammaliza. Nimechoka na imani hii kwa sababu inaua makinda.

Ndege hamtupi mtoto wake kwa kuguswa. Si kwamba ndege hawanusi. Wapo wanaonusa vizuri sana. Ila mzazi aliyeatamia wiki mbili na kulisha siku kadhaa haachi kazi yote hiyo kwa harufu ya kidole.

Mtazameni Malurus cyaneus, ndege mdogo mwenye mkia uliosimama, ambaye dume wake huwa buluu msimu wa kuzaliana. Katika Bustani ya Taifa ya Mimea hapa Canberra amechunguzwa tangu miaka ya 1980. Makinda wakifikisha siku saba hivi hutolewa kiotani, wakapimwa uzito, wakavishwa pete ya chuma yenye namba pamoja na pete za rangi, wakachukuliwa tone la damu kwenye mshipa wa bawa, kisha wakarudishwa. Muda wote huo mama yuko kichaka cha jirani anapiga kelele. Mkishasogea kando anaingia na kiwavi mdomoni, analisha, anatoka amebeba kifuko cheupe cha kinyesi kama siku zote. Damu hizo ndizo zilizoonyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, kwamba 76% ya makinda baba zao walikuwa madume wa nje ya kundi linalowalea. Kama kuguswa kungemfukuza mama, tusingejua hata robo ya haya.

Na ndege huyuhuyu anajua kutelekeza. Chalcites basalis, ndege wa jamii ya kekeo, hutaga yai kwenye kiota cha Malurus, na kinda wa kekeo akianguliwa huwasukuma nje wenzake wote. Utafiti mwingine wa hapa Canberra, wa mwaka 2003, ulikuta karibu 40% ya makinda hao wa kekeo waliachwa, jike akaenda kujenga kiota kipya. Mkono wa mtu haukuhusika. Kilichomshtua ni kinda mmoja aliyebaki peke yake kiotani.

Usumbufu unaoweza kweli kumhamisha ndege ni ule wa mapema, anapojenga au akiwa na mayai mapya. Wakati huo kaeni mbali kabisa. Makinda waliokaribia kuruka nao hatuwashiki, maana ukipeleka mkono wanachomoka wote kabla ya siku zao. Ndiyo maana kuvisha ndege pete kunahitaji leseni.

Basi, kinda asiye na manyoya mrudisheni kiotani. Kiota kimevunjika? Chukueni kopo, toboeni kitako maji yatoke, wekeni nyasi kavu, lining'inizeni kwenye mti uleule, kisha mtazame kwa mbali kama wazazi wanakuja. Mwenye manyoya anayerukaruka chini ametoka mwenyewe na bado analishwa, mwacheni hapo. Na paka afungiwe ndani. Hili nalirudia kwa kila mtu, na nitaendelea kulirudia.

Mengine hayanikeri kiasi hicho. Wapo wanaosema anayeimba ni dume tu. Jike wa Malurus naye huimba, na uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuta majike wanaimba katika 71% ya spishi za ndege waimbaji zilizoangaliwa. Dhana hii ilitokana na kuwasikiliza zaidi ndege wa Ulaya.

Wengine huogopa kila magpai, ndege mweusi na mweupe wa huku Australia. Anayeshambulia watu ni chini ya mmoja kati ya kumi, karibu kila mara ni dume, na ni kwa wiki chache tu za mayai na makinda. Badilisheni njia kwa wiki hizo. Msimrushie mawe, kwa sababu anazikumbuka sura za watu.

Halafu kuna wanaotaka kumtega kila ndege aitwaye maina, wakidai ni mvamizi. Aliyeletwa ni maina wa Kihindi, Melbourne, miaka ya 1860, na yeye ni wa kahawia. Yule mwingine anayeitwa maina, Manorina melanocephala, ni mzawa na analindwa na sheria, hata kama huwafukuza ndege wengine kwa ukali. Kabla ya kuweka mtego angalieni mgongo: ukiwa wa kijivu, huyo ni wa hapa.