Rudra vina ni ala gani na kwa nini imekuwa adimu hivi

Ukitaja muziki wa klasiki wa India kaskazini, ule wa Hindustani, wengi akili inaenda moja kwa moja kwenye sitar na tabla, na ni haki yao manake ndo vilivyosambaa duniani. Ila kuna ala ya nyuzi ambayo kwa karne kadhaa ilipewa heshima kubwa kuliko zote kwenye majumba ya wafalme huko, nayo leo wapigaji wake wazuri ni wa kutafuta kwa tochi. Inaitwa rudra vina, au kwa mkato bin, na mpigaji wake ni binkar.

Umbo lake ni bomba refu la mbao au mwanzi, ndani tupu, na chini yake vinaning'inia vibuyu viwili vikubwa vya mviringo, kimoja huku kimoja kule, ndivyo vinavyokuza sauti. Kama umewahi kuona zeze lile la ubao na kibuyu basi wazo ni hilohilo, ila hili ni kubwa mno. Juu ya bomba zimesimama freti kama 24 hivi, yaani vipande vya kubania uzi ili noti ibadilike, kwa kawaida zinagandishwa kwa nta, kisha zinapita nyuzi 4 kuu za kupigia raga, yaani mpangilio wa noti ambao mpigaji anaujengea muziki wake, na nyingine za pembeni za kutia mdundo na mvumo.

Utamu wenyewe uko kwenye mkono wa kushoto. Mpigaji anabana uzi kwenye freti moja halafu anausogeza kwa pembeni, sauti inapanda taratibu noti moja hadi nyingine bila kukatika, wenyewe wanaita mind, na kwa kuwa nyuzi ni nene mguso mmoja tu wa kidole unalia muda mrefu sana, kwa hiyo ndani ya pigo moja anaweza kupita noti kadhaa na wewe unasikia kama mtu anaimba kwa sauti nzito ya chini. Ndo maana ikaendana na dhrupad, mtindo wa zamani unaoanza na alap, yaani kuifungua raga polepole bila ngoma yoyote, na hiyo alap peke yake inaweza kufika hata saa nzima. Pakhawaj, ile ngoma ya pande mbili, inaingia baadaye kabisa.

Sasa uadimu ulitoka wapi? Kwanza ufundi ulifungiwa ndani ya familia. Mabinkar wengi walijihesabu uzao wa Tansen, mwanamuziki wa Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, kupitia mkwe wake Naubat Khan, na bin walikuwa wanawafundisha wanao, mtu wa nje anapewa ala nyingine. Inasemekana surbahar, ile sitar kubwa ya sauti nzito, ilizaliwa karne ya 19 kwa sababu hiyohiyo, wanafunzi wa nje wapate kupiga alap bila kukabidhiwa bin yenyewe. Halafu khayal, mtindo wa uimbaji uliokuja baadaye, ikaipiku dhrupad, tawala za maharaja waliokuwa wanawalipa zikaisha baada ya uhuru wa India mwaka 1947, na bin sauti yake ni ndogo, ukumbi mkubwa unaimeza. Mi naona hilo la kufungia elimu ndo liliumiza zaidi, manake ukumbi unaweza kuweka maiki lakini mwalimu akifa bila mwanafunzi hakuna namna.

Karne ya 20 waliosimama nayo hasa ni wawili. Asad Ali Khan (1937–2011) aliipiga kwa mkao wa zamani, kibuyu kimoja juu ya bega la kushoto. Zia Mohiuddin Dagar (1929–1990) yeye akaibadili ala yenyewe, akatengenezewa yenye bomba nene na vibuyu vikubwa zaidi ili sauti ishuke chini na idumu, akaiweka mbele yake badala ya begani, na wapo waliolalamika. Kwa masikio yangu alikuwa sahihi kabisa. Mwanae Bahauddin Dagar anaiendeleza hadi leo, na yupo pia Jyoti Hegde, mwanamke aliyeingia kwenye ala ambayo zamani wanawake walikatazwa.

Ukitaka kuisikia tafuta rekodi za Zia Mohiuddin, na tafadhali vaa hedifoni, spika ya simu inazikata zile sauti za chini na hapo utakuwa hujaisikia.