Kiti cha wadi hupotelea kwenye Fomu 36A

Uchaguzi ukikaribia, waniaji wa kiti cha mwakilishi wadi hunijia na hesabu za mabango, fulana na mikutano. Kazi yangu ni kufundisha maajenti, watu wanaolinda kura za mgombea ndani ya kituo, kwa hiyo mimi nawauliza jambo moja tu: nani atakaa ndani ya kila kituo chako mpaka kura ya mwisho ihesabiwe? Wengi hawana jibu. Wamezitafuta kura nyumba kwa nyumba, mazishi kwa mazishi, harambee kwa harambee, na saa kura hizo zinapogeuzwa kuwa nambari hawana mtu wao pale.

Kenya ina wadi 1,450. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni 22 na vituo zaidi ya 46,000. Ukigawanya, wadi ya wastani ina wapiga kura kama elfu kumi na tano na vituo kama 32. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, ndiyo maana shule moja ya msingi huwa na vituo vitatu au vinne, kila darasa na sanduku zake. Mwaniaji akiniambia ana ajenti "pale shuleni", namuuliza: darasa lipi?

Sasa sikiliza jambo ambalo waniaji wengi wa vyama hulijua wakiwa wamechelewa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Uchaguzi kinakipa chama nafasi ya kuteua ajenti mmoja katika kila kituo kwa niaba ya wagombea wake. Mmoja, kwa wagombea wake wote. Mtu huyo anamlinda mgombea urais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, na wewe. Anayemlipa na kumpigia simu usiku kucha kwa kawaida si wewe. Sheria inakuruhusu kuteua ajenti wako ikiwa chama hakikuteua mtu pale, na mgombea huru anateua wake mwenyewe. Kwa hiyo kama una tiketi ya chama, nenda ofisi ya chama ya kaunti mapema, uone orodha ya maajenti wa wadi yako, ujue majina yao, uketi nao. Ukisubiri wiki ya mwisho utakuta orodha imejazwa na watu wa gavana.

Upigaji kura hufungwa saa kumi na moja jioni, walio kwenye foleni wakiruhusiwa kumaliza. Kisha sanduku zinafunguliwa moja moja, la urais likitangulia. Kuna kura za aina sita. Usiku unaingia, njaa inauma, na matokeo ya urais yakishabandikwa mlangoni watu huanza kuondoka. Hapo ndipo mwakilishi wadi hupoteza kura zake, na mara nyingi hakuna aliyekusudia kuziiba. Makarani wamechoka, na karatasi ya jirani yako aliyekupigia kura imewekwa kwenye fungu la mgombea mwingine. Ajenti aliye macho huiona. Aliyelala kwenye dawati au aliyetoka kutafuta chai haioni. Mpelekee chakula. Nasema hivi kwa uzito wote: chupa ya chai na sahani ya pilau inayofika kituoni kwa wakati ina faida kuliko bango lolote ulilotundika barabarani.

Ajenti wangu namfundisha kuandika nambari katika daftari lake tangu asubuhi. Wangapi wamesajiliwa hapa? Wangapi wametambuliwa na mashine ya KIEMS, ile ya kutambua wapiga kura? Karatasi ngapi zimetolewa? Jioni anajumlisha kura halali na zilizokataliwa, anaona kama jumla inaoana na karatasi zilizokuwa ndani ya sanduku. Ikiwa karatasi iliyotiwa alama kwenye jina lako inakataliwa na nia ya mpiga kura inaonekana wazi, anapinga papo hapo, na msimamizi wa kituo anatakiwa kuandika kwamba ukataaji huo umepingwa. Akiwa na shaka na hesabu nzima, anaweza kuomba kura zihesabiwe upya. Kanuni zinaruhusu hilo lisizidi mara mbili.

Baada ya hapo Fomu 36A inajazwa. Hiyo ndiyo karatasi ya matokeo ya wadi kwa kituo kimoja. Msimamizi anaitia sahihi, maajenti wanaitia sahihi, kila mmoja anapewa nakala, na nyingine inabandikwa mlangoni. Ajenti akikataa kutia sahihi anapaswa kusema sababu na sababu iandikwe. Kususa kimya kimya ni hasara tupu, kwa kuwa kukosekana kwa sahihi peke yake hakubatilishi matokeo. Watu wengi wanadhani wakigoma fomu itakufa. Haifi.

Nakala hizo zikusanywe usiku uleule. Tafuta watu wa boda boda unaowaamini, wagawie njia, zote zifike mezani kwako kabla msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge hajaanza kujumlisha matokeo ya vituo vyote vya wadi kwenye Fomu 36B. Mwaka 2022 Fomu 34A, karatasi za matokeo ya urais za kila kituo, ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi na nchi nzima ikazipakua. Usiitegemee njia hiyo kwa kiti chako. Nakala zako ndizo ulinzi wako. Kosa la kuhamisha nambari kutoka 36A hadi 36B linarekebishwa kwa urahisi ukiwa umesimama pale ukumbini na karatasi mkononi. Baada ya mshindi kutangazwa, njia iliyobaki ni mahakama.

Na mahakama ina masharti. Una siku 28 tangu matokeo kutangazwa. Kesi za wadi husikilizwa na mahakimu walioteuliwa na Jaji Mkuu, na unaweka dhamana ya gharama ya shilingi 100,000. Hakimu atataka fomu, kituo kwa kituo, na mashahidi waliokuwa ndani ya chumba. Ajenti aliyeondoka saa tatu usiku hawezi kueleza kilichotokea saa nane.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Ukitaka kuwania, anza na orodha ya vituo vya wadi yako, na mbele ya kila kituo andika jina la mtu mmoja atakayekesha.