Mvinyo mtamu wa Roussillon: yanayosemwa na yaliyo kweli

Roussillon ni pembe ya kusini ya Ufaransa, kati ya milima ya Pyrenees na bahari ya Mediterania. Mji wake mkuu ni Perpignan. Mvinyo uliolipatia sifa, yaani Banyuls, Maury na Rivesaltes, huitwa kwa Kifaransa *vin doux naturel*, "mvinyo mtamu wa asili". Jina hilo limewachanganya wengi.

"Umetiwa sukari."
Hautiwi hata kijiko. Kinachotiwa ni pombe kali, na ndiyo maana neno "asili" linahitaji kusomwa kwa tahadhari: asili ni sukari, si kilevi chote.

Juisi ya zabibu lazima iwe na angalau gramu 252 za sukari kwa lita. Chachu hula takriban gramu 17 kwa lita kuzalisha asilimia moja ya kilevi. Chukua lita 100 zilizochachuka hadi 8%: zimebaki na gramu 116 hivi za sukari kwa lita. Mimina lita 10 za pombe ya 96% isiyo na ladha. Chachu inakufa, kilevi kinafika 16%, na sukari inabaki kama gramu 105 kwa lita. Sheria inaruhusu pombe hiyo iwe kati ya 5% na 10% ya ujazo wa juisi, basi.

Kazi yote iko kwenye saa ya kumimina. Ukichelewa, utamu umeshaliwa na huwezi kuurudisha. Ukitia pungufu, chachu iliyosalia huamka na mvinyo huanza tena kuchachuka ndani ya pipa. Kwa mvinyo mwekundu, wengine humimina pombe juu ya maganda na kuyaacha humo wiki kadhaa; pombe hukamua rangi na ukakasi zaidi.

"Ni porto, mvinyo mtamu wa Ureno, iliyoigizwa."
Tarehe zinakataa. Tabibu Arnau de Vilanova, aliyefundisha Montpellier, alipewa hati ya njia hii mwaka 1299 na mfalme wa Majorca, ambaye Perpignan ilikuwa makao yake ya bara. Porto ilikuja karne nyingi baadaye, na hutumia pombe ya 77% kwa wingi zaidi, karibu sehemu moja katika tano.

"Ni Languedoc tu kwa jina jingine."
Languedoc ni eneo jirani, upande wa kaskazini. Majina hayo mawili yaliunganishwa na utawala, si na udongo wala lugha. Roussillon ni ya Wakatalani, na ilikuwa chini ya taji la Hispania hadi Mkataba wa Pyrenees wa 1659.

"Zabibu za huko hutoa mvinyo mtamu pekee."
Matuta yale yale ya mawe ya Banyuls hutoa pia Collioure, mvinyo mkavu ambao jina lake lilianza kulindwa kisheria mwaka 1971. Mzabibu ni ule ule, hasa grenache. Tofauti ni siku ya kuvuna na kuacha chachu imalize kazi.

"Jua na hewa huharibu mvinyo."
Mara nyingi ni kweli. Ila huko Maury mvinyo huwekwa nje kwenye machupa makubwa ya kioo, jua la kiangazi na baridi ya usiku viupike hadi unukie kahawa, jozi na tini kavu. Mapipa mengine huachwa bila kujazwa hadi juu, makusudi. Banyuls Grand Cru, daraja la juu la Banyuls, hukaa kwenye mbao angalau miezi 30.

Usiigeuze kanuni, lakini. Banyuls yenye neno *rimage* hukingwa na hewa ili ibaki na ladha ya matunda, na Muscat de Rivesaltes hupoteza harufu yake ya maua ikizeeka.

Kwa hiyo soma lebo kabla ya kuhifadhi chupa iliyofunguliwa. Iliyozeeshwa kwa hewa huvumilia wiki kadhaa ikiwa na kizibo, imekwisha kuzoea. Muscat iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku chache.