Je, wajua kwa nini nyota hafifu ndiyo iliyofungua siri ya umbali wa nyota?

Ungeambiwa utafute nyota iliyo karibu nasi, ungeanza na ipi? Wengi tungechagua inayong'aa sana. Wanaastronomia wengi wa zamani nao walifikiri hivyo, wakahangaika vizazi na vizazi bila kupata kipimo cha kuaminika. Iliyowafungulia njia ni nyota ambayo macho matupu huiona kwa shida: 61 Cygni, katika kundinyota la Dajaja (Cygnus), anga ya kaskazini.

Kilichoitambulisha ni mwendo wake. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanaastronomia Giuseppe Piazzi wa Palermo, Italia, aligundua kwamba inahama haraka kuliko nyota nyingine zilizojulikana wakati ule. Hata hivyo, kuvuka upana wa Mwezi mpevu huichukua miaka kama 350! Mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Bessel, aliyekuwa Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi), akaona hoja iliyojificha hapo: inayoonekana kwenda mbio hivyo, huenda iko karibu.

Namna ya kupima ni hii. Kila baada ya miezi sita Dunia huwa upande wa pili wa Jua, takriban kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa. Nyota ya karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali, kama kidole kinavyoruka ukikitazama kwa jicho moja kisha jingine. Bessel alitumia darubini ambayo lenzi yake imekatwa nusu mbili. Alitelezesha nusu moja hadi taswira za nyota mbili zikutane, kisha akasoma kwenye skrubu zimeachana kiasi gani. Alirudia kazi hiyo usiku kwa usiku, kwa zaidi ya mwaka mzima.

Mwaka 1838 akatangaza jibu. Pembe aliyoipata, yaani nusu ya msogeo huo wa miezi sita, ilikaribia sehemu moja tu ya 11,000 ya nyuzi moja, sawa na umbali wa miaka ya nuru kama 10 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Vipimo vya leo vinasema 11.4. Kwa kazi ya jicho na mkono, huo ni usahihi wa kustaajabisha. Mwanaastronomia Mskoti Thomas Henderson alikuwa amepima nyota ya Rijili Kantori (Alpha Centauri), iliyo karibu zaidi, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, lakini alichelewa kutangaza.

Basi kwa nini 61 Cygni ni hafifu ilhali ni jirani? Kwa kweli ni nyota mbili za rangi ya chungwa, ndogo na baridi kuliko Jua. Hata kwa pamoja hazitoi robo ya nishati yake. Deneb, inayowaka katika kundinyota hilohilo, iko mbali zaidi ya miaka ya nuru 1,000, ila ni jitu.

Kwa walioko Nairobi au Dar es Salaam, mwishoni mwa Septemba, saa tatu usiku, Dajaja huwa juu upande wa kaskazini. Anza na Deneb, kisha, ukiwa mbali na taa za mji, tafuta 61 Cygni karibu nayo. Darubini ndogo itakuonyesha kwamba ni wawili.