Maria Magdalena hakuwa kahaba: dhana potofu kuhusu riwaya za wanawake wa maandiko

Riwaya inayomchukua mwanamke wa maandiko na kumpa maisha kamili huchokoza wasomaji wa aina mbili. Mmoja hulalamika kwamba mwandishi ameongeza yasiyokuwepo. Mwingine hudai amekipotosha kisa. Huyu wa pili ndiye anayenivutia, maana mara nyingi kisa anachokitetea nacho ni nyongeza, ila ya zamani zaidi.

“Mwandishi amembadilisha Magdalena, sote tunajua alikuwa kahaba.”
Hakuna Injili inayosema hivyo. Luka 8 inamtaja kama mwanamke aliyetokwa na pepo saba, akiwa miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao wenyewe. Katika Yohana 20 ndiye wa kwanza kumwona Yesu aliyefufuka. Ukahaba aliupata mwaka 591, pale Papa Gregori Mkuu alipohubiri kwamba yeye, Maria wa Bethania na yule mwenye dhambi asiye na jina wa Luka 7 ni mtu mmoja. Makanisa ya Mashariki yaliendelea kuwatenganisha. Kanisa Katoliki liliirekebisha kalenda yake mwaka 1969 na kuacha kumchanganya na hao wawili, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu ya Magdalena ya Julai 22 iwe sikukuu. Kwa hiyo riwaya inayomchora kama mwanamke mwenye uwezo anayegharimia safari za mitume iko karibu na maandiko kuliko ile inayoanzia danguroni.

“Bathsheba alipanda darini kuoga ili mfalme amwone.”
Soma tena 2 Samweli 11. Aliyekuwa darini ni Daudi, ameamka jioni anatembeatembea juu ya jumba lake huku jeshi lake likiwa vitani. Mahali alipoogea Bathsheba hapatajwi. Kinachoelezwa ni kwamba alikuwa amejitakasa unajisi wake. Daudi anatuma wajumbe, analetewa. Katika sura nzima mwanamke huyu anasema jambo moja tu, tena kwa kutuma ujumbe: kwamba ana mimba. Nabii Nathani anapokuja na mfano wa mwanakondoo wa maskini, lawama yote anamtwika mfalme. Miaka mingi baadaye, katika 1 Wafalme 1, Bathsheba huyohuyo anaingia chumbani kwa Daudi aliyezeeka na kumdai kiti cha enzi kwa ajili ya Sulemani, kwa hotuba iliyopangwa vizuri mno. Alijifunza wapi siasa hizo? Hapo ndipo mwandishi wa riwaya ana kazi halali ya kufanya.

(Delila naye hakumnyoa Samsoni kwa mkono wake. Waamuzi 16 inasema alimwita mtu.)

“Mtindo huu umeletwa juzi na wanaharakati.”
Mke wa Nuhu hana jina katika Mwanzo, lakini Kitabu cha Yubile, andiko la Kiyahudi la karne ya 2 kabla ya Kristo, kinamwita Emzara. Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria, hawamo katika Injili yoyote kati ya zile nne. Wametoka katika Injili ya Yakobo, andiko la karne ya 2. Na Zulekha, yule aliyemtamani Yusufu? Kurani humwita mke wa Azizi tu. Mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani yote ni Maryamu. Jina la Zulekha lilikuja na wasimulizi, na katika karne ya 15 mshairi wa Kiajemi Jami akamtungia utenzi mrefu wa mapenzi.

“Mwanamke wa enzi hizo anayedai haki ni mtu wa leo aliyevalishwa kanzu.”
Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na wakapewa (Hesabu 27). Ushahidi wa nje ya maandiko ni mtamu zaidi. Mwaka 1961, katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, timu ya mwanaakiolojia Yigael Yadin ilipata hati za Babatha, Myahudi mwenye mashamba ya mitende aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 2. Alimkopesha mume wake wa pili dinari 300. Aliwashtaki walezi wa mwanawe yatima kwa kutoa dinari 2 tu za matunzo kwa mwezi. Lakini hakujua kuandika, na hati inasema wazi kwamba mtu mwingine alimwandikia. Hapa ndipo ninapowanyoshea kidole waandishi wengi: shujaa wao lazima asome vitabu kwa siri usiku, kana kwamba akili bila herufi haitoshi.

“Wanawake wa Israeli walikuwa na hema lao la hedhi.”
Walawi 15 inazungumzia siku saba za unajisi, kitanda, na kitu alichokalia. Hema halimo. Limezoeleka kutokana na riwaya ya Kimarekani ya mwaka 1997 kuhusu Dina, binti Yakobo, ambaye katika Mwanzo 34 hasemi hata neno moja. Kubuni hema ni ruhusa. Shida ni pale msomaji anapolihubiri kama historia, na ndiyo maana mimi huanzia kurasa za mwisho, kwenye maelezo ya mwandishi, kuona kama ameeleza kipi ni andiko, kipi ni mapokeo na kipi ni chake.