Risiti ya Biti Si Hati ya Umiliki

Kila ninapomwomba msanii uthibitisho wa haki kabla ya kupeleka wimbo wake kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni, hunitumia risiti na kuniambia kwamba biti, yaani muziki wa ala usio na maneno, ameinunua, kwa hiyo wimbo ni wake. Wiki hii jibu hilo limenifikia tena. Risiti inathibitisha kwamba fedha zimelipwa. Haki iliyopatikana kwa fedha hizo imeandikwa katika leseni, na leseni ndiyo ambayo karibu hakuna anayeisoma.

Yaliyo mepesi nitayapitia haraka. Wimbo mmoja hubeba haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kila moja inaweza kuwa na mwenyewe. Anayerudia wimbo wa mtu kwa sauti yake anagusa utunzi. Anayekata kipande cha rekodi na kukitia katika kazi yake anagusa vyote viwili, na zile sekunde chache zinazodaiwa kuruhusiwa hazimo katika sheria yoyote niliyowahi kuisoma. Utunzi wa Beethoven uko huru, lakini okestra iliyourekodi juzi ina haki juu ya rekodi yake. ISRC, yaani msimbo wa kimataifa wa rekodi wenye herufi na tarakimu 12, hutambulisha rekodi tu, wala haimpi mtu umiliki.

Sasa biti. Zile zinazouzwa kwa bei nafuu mtandaoni huja, kwa kawaida, na leseni isiyo ya kipekee: mtayarishaji anabaki na umiliki, anaweza kumuuzia biti hiyo hiyo mtu mwingine kesho, na mara nyingi anaweka kikomo cha miaka au cha idadi ya usikilizwaji. Kwa leseni hiyo unaweza kabisa kusambaza wimbo na kulipwa. Usichoweza ni kuusajili katika Content ID ya YouTube, mfumo unaotambua sauti ya rekodi ndani ya video za wengine, kwa sababu mfumo huo unamtaka anayesajili awe na haki za kipekee. Na sharti hilo lina maana: mfumo hulinganisha sauti na sauti, na hauna habari na mikataba. Ukisajili wimbo unaoanza kwa biti tupu, mwenzako aliyelipia leseni kama yako atakuta video yake imedaiwa na mapato yake yanaelekezwa kwako, ilhali hakukosa lolote. Hili linaniudhi kuliko mengine yote, kwa kuwa anayeumia ni yule aliyefuata utaratibu.

Vitabu husema leseni ya kipekee humaliza tatizo. Mimi nina shaka. Leseni zilizouzwa kabla yako kwa kawaida huendelea kuwa halali hadi muda wake uishe, kwa hiyo upekee wako unaanzia siku uliyolipa, na nyimbo za waliokutangulia bado zipo. Vilevile mikataba mingi haisemi wazi kama maneno na biti sasa ni utunzi mmoja wa ubia au ni kazi mbili zilizopangwa pamoja, na jibu hubadilika kutoka nchi hadi nchi.

Kwa hiyo, anayenunua leseni ya kipekee amwombe mtayarishaji orodha ya waliowahi kupewa leseni, ili madai ya Content ID yatakayojitokeza dhidi yao yaondolewe mara moja. Orodha hiyo iombwe kabla ya kulipa, maana fedha zikishaingia ni watayarishaji wachache wanaosumbuka kuitafuta.